Amplifaya ndogo ya vali: pawa saplai kwanza, muziki baadaye

Mtu akinijia na hamu ya kujenga amplifaya ya vali, ile mirija ya kioo isiyo na hewa ndani, huanza kwa kuniuliza vali gani ina sauti tamu. Mimi humuuliza transfoma yake inatoa volti ngapi. Vali huchomolewa na kubadilishwa kwa nusu dakika. Transfoma isiyofaa itakusumbua hadi ubomoe kila kitu uanze upya. Ndiyo maana hapa nitakaa kwenye pawa saplai kwa muda mrefu kuliko kwenye sehemu ya sauti. Sehemu ya sauti ina rezista zisizofika kumi na mbili, na ukishakuwa na umeme safi mgongoni mwake, haina makuu.

Ninayoieleza ni amplifaya ya chaneli moja yenye vali 3: ECC83 ya kupokea mawimbi madogo, EL84 ya kusukuma spika, na EZ80 ya kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Inatoa wati 4 na kitu. Usizicheke. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake, itafika desibeli 96 hivi kwa wati hizo, na jirani ataanza kugonga ukuta. Anayetaka stereo ajenge mbili, kila moja na saplai yake. EZ80 moja haitabeba EL84 mbili, kwa sababu mwisho wake ni miliampea 90.

Mpango huu ni wa zamani. Philips walitoa EL84 mwaka 1953, na katika miaka hiyohiyo ya 1950 kampuni ya Mullard ya Uingereza ilitoa mchoro mdogo ulioitwa 3-3, wenye EF86, EL84 na EZ80. Mimi nimeiondoa EF86 na kuweka nusu ya ECC83. EF86 nzuri ni adimu, na nyingi hulia kengele ukigusa tu meza. ECC83 inapatikana mpya hadi leo.

Kabla ya kununua, jua majina, maana vali moja ina majina matatu. EL84 kwa Wamarekani ni 6BQ5, na kwa Warusi ni 6P14P. ECC83 ni 12AX7. EZ80 ni 6V4. Herufi E ya mwanzo inakuambia filamenti, yaani uzi unaopasha vali moto, ni ya volti 6.3, na ile 8 inakuambia kitako ni cha pini 9.

Usalama

Saplai hii, kabla EL84 haijapata moto, inaweza kufika volti 350. Umeme huo huua, na kapasita huendelea kuushika hata plagi ikiwa mkononi mwako. Zima, chomoa, subiri, kisha pima. Usipopima hujui. Mimi nina rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye klipu mbili na mpini wa plastiki. Naibana kati ya chanya ya kapasita na chasi (kiunzi cha chuma kinachobeba kila kitu), nahesabu hadi kumi, halafu naweka mita. Mita ikisoma chini ya volti 5 ndipo naingiza vidole. Ukilazimika kupima kitu kikiwa na umeme, bana waya mweusi wa mita kwenye chasi kwa klipu, shika ule mwekundu kwa mkono wa kulia, na wa kushoto uweke mfukoni. Usifanye hivyo ukiwa na usingizi, wala nyumba ikiwa tupu.

Mtu ambaye hajawahi kujenga kitu chochote cha umeme wa ukutani asianzie hapa.

Transfoma ya umeme

Tafuta yenye volti 250-0-250, yaani 250 kila upande wa waya wa katikati, miliampea 80 hadi 100, na wingi (waya uliozungushwa kwenye kiini) wa volti 6.3 usiopungua ampea 2.5. Hesabu yake ni hii. Ndani ya vali kathodi hutoa elektroni, anodi huzipokea, na gridi ni nyavu zilizo kati yao. EL84 inavuta takriban miliampea 46 kwenye anodi na 5 kwenye gridi ya pili. ECC83 inavuta moja. Ongeza kidogo kwa rezista ya kumwaga chaji, unapata kama 55. Filamenti: EL84 inakula ampea 0.76, ECC83 0.3, EZ80 0.6. Jumla ni 1.66, na napenda transfoma iwe na nafasi ya kupumua.

Kwa nini 250 na si 300? Tuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. EL84 inataka volti 250 kati ya anodi na kathodi. Kathodi yenyewe inakaa kwenye 7 na nusu. Transfoma ya spika inapoteza kama 14. Hapo tumefika 271 au 272. Koili ya kuchuja yenye omu 200 inakula nyingine 11. Kwa hiyo kapasita ya kwanza inatakiwa iwe karibu na volti 282, na EZ80 ikilishwa 250-0-250 kwa mzigo huu inatoa hapohapo. Ukiweka transfoma ya 300-0-300, EL84 itapita kikomo chake cha volti 300 na wati 12 za anodi, na itakuonyesha kwa kuwa nyekundu gizani.

Transfoma iliyotoka kwenye redio ya zamani inafaa sana, lakini ipimwe. Weka mita kwenye omu. Wingi wa filamenti utasoma karibu sifuri. Wingi wa ukutani utasoma makumi ya omu. Wingi wa volti ya juu utasoma mamia, na waya wake wa katikati utakuwa na nusu kila upande, ingawa nusu hizo mara nyingi hazilingani sawasawa. Kati ya wingi wowote na chuma kusiwe na njia hata kidogo. Kisha iwashe bila mzigo kwa saa moja. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikichoma mkono, itupe. Kumbuka pia kwamba transfoma iliyotengenezwa kwa volti 220 ikipewa 240 inapandisha kila kitu kwa uwiano huohuo. Pima filamenti vali zikiwa zinafanya kazi: ziwe karibu na 6.3, na zisivuke 6.9.

EZ80, na kwa nini nisitumie diodi

Wengi husema vali ya kunyoosha umeme imepitwa na wakati, weka diodi mbili za silikoni uendelee na maisha. Kwa saplai hii wamekosea, na sababu si mapenzi ya mambo ya kale. Diodi karibu hazipotezi volti, kwa hiyo zile 282 zingekuwa 320 na zaidi, na hesabu yetu yote ingevurugika. Pili, diodi hutoa volti yote papo hapo vali nyingine zikiwa bado baridi. EZ80 inahitaji kupata moto kama wenzake, hivyo volti inapanda taratibu.

Ina masharti mawili. Kapasita ya kwanza baada yake isizidi mikrofaradi 50. Ikizidi, mkondo wa kuijaza unakula kathodi, na siku moja utaona cheche ndani ya kioo. Sharti la pili: kila anodi ione angalau omu 125 mbele yake kwa transfoma ya 250. Pima kila nusu ya wingi wa volti ya juu. Ikisoma, tuseme, omu 60, ongeza rezista ya omu 68, wati 5, kwenye kila anodi.

Uzuri wake ni kwamba insulesheni kati ya filamenti na kathodi inastahimili volti 500, kwa hiyo inakula filamenti ileile ya volti 6.3 pamoja na vali nyingine. Huhitaji wingi wa pekee wa volti 5 kama rektifaya za Kimarekani za aina ya 5Y3.

Pini zake: 1 na 7 ni anodi, zinaenda kwenye ncha mbili za wingi wa volti ya juu. 4 na 5 ni filamenti. 3 ni kathodi, na hapo ndipo umeme mnyoofu unapotoka. Pini huhesabiwa ukiitazama soketi kwa chini, kutoka kwenye pengo, ukizunguka kama mshale wa saa. Andika namba kwa kalamu ya wino kwenye chasi kabla hujaanza kulehemu.

Kuchuja

Kutoka pini 3: kapasita ya mikrofaradi 47, volti 450. Kisha koili ya kuchuja, henri 10, miliampea 100. Kisha kapasita nyingine ya 47, volti 450. Hapo ndipo EL84 inapokula. Kutoka hapo, rezista ya kilo-omu 22, wati 1, kwenda kapasita ya tatu ya mikrofaradi 22, volti 450, inayolisha ECC83. Ambatanisha rezista ya kilo-omu 220, wati 2, sambamba na kapasita ya kwanza. Ndiyo inayomwaga chaji ukizima. Inahitaji kama dakika mbili, na hata hivyo bado unapima.

Volti 450 si anasa. Wakati EZ80 imeshapata moto na EL84 bado haijaanza kuvuta, kapasita zinapanda hadi kilele cha 250, yaani 353. Kapasita ya volti 350 hapo inaweza kuvimba.

Je, koili ni lazima? Inagharimu, ni nzito, na watu hujaribu kuikwepa kwa rezista. Tazama namba. Kwa umeme wa hezi 50, mawimbi yanayobaki juu ya kapasita ya kwanza huja kwa hezi 100, na kwa mzigo wetu ni kama volti 10 kutoka bonde hadi kilele. Koili ya henri 10 kwa hezi 100 inapinga kwa omu 6,280, na kapasita ya 47 inayofuata ni omu 34 tu. Mawimbi yanagawanywa kwa 185 hivi, zinabaki sehemu 5 za mia za volti moja. Ukiweka rezista ya omu 220, wati 5, na kapasita ya pili ya mikrofaradi 100, unagawanya kwa 14. Inabaki nusu volti na ushei. Kwenye spika ya kawaida ukiwa mbali hutasikia sana. Kwenye spika yenye desibeli 95 utausikia mvumo usiku kucha. Mimi naweka koili.

Nunua kapasita mpya. Zile za kwenye redio ya zamani zimekauka, hata kama zinang'aa.

Upande wa ukutani

Hapa sitakaa. Waya wa nyaya tatu. Ethi ya plagi inafungwa kwenye chasi kwa boliti yake yenyewe, karibu na mahali waya unapoingilia, ikiwa na washa ya meno na nati mbili. Rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Boliti hiyo isishike kitu kingine. Fyuzi iwe kwenye waya wa laivu, ya aina ya polepole: miliampea 500 kwa volti 230, ampea 1 kwa volti 120. Swichi ikate nyaya zote mbili. Weka fyuzi nyingine ya polepole, miliampea 200, kati ya waya wa katikati wa wingi wa volti ya juu na ardhi ya saketi. EZ80 ikipata shoti, fyuzi hii ndiyo itakayoiokoa transfoma.

Chasi na mahali pa transfoma

Alumini ya milimita 2 inatosha na inatobolewa kwa urahisi. Soketi nyingi za pini 9 zinataka tundu la milimita 22, lakini pima za kwako kabla ya kutoboa.

Kabla ya tundu la transfoma, fanya jaribio hili. Weka transfoma ya umeme juu ya chasi na uiwashe bila chochote, ncha zote zikiwa zimefungwa tepu. Unganisha hedifoni kwenye upande wa spika wa ile transfoma ya spika, kisha isogeze na kuizungusha. Utasikia mvumo ukipanda na kushuka. Kuna pembe moja ambapo mvumo unakaribia kufa kabisa, na mara nyingi ni pale viini vya transfoma mbili vinapokuwa na pembe mraba. Weka alama hapo, toboa hapo. Mvumo wa namna hii unapita hewani kwa sumaku, na hakuna kapasita utakayoongeza baadaye itakayouondoa. Koili ya kuchuja nayo iangalie kwa jicho hilohilo. Mimi huiweka chini ya chasi, upande wa EZ80.

Jaribu saplai peke yake

Saplai ikishafungwa, usiguse sehemu ya sauti. Chukua balbu ya zamani ya uzi, wati 40 au 60, uiweke mfululizo na waya wa laivu. Washa bila vali yoyote. Balbu iwake kidogo sana au isiwake. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti, na umeokoa transfoma. Pima volti za filamenti na za wingi wa juu.

Sasa unahitaji mzigo. Rezista mbili za kilo-omu 10, wati 10 kila moja, sambamba, ziwekwe kwenye kapasita ya pili. Zinavuta kama miliampea 55. Ingiza EZ80, ondoa balbu, washa. Baada ya nusu dakika hivi volti ipande na kutulia kati ya 260 na 285. Rezista zitachoma, kwa hiyo dakika chache zinatosha. Ikiwa 300 au zaidi, ongeza rezista ya omu 330, wati 5, kati ya EZ80 na kapasita ya kwanza, kisha pima tena. Usiendelee mbele mpaka namba hizi zikae sawa. Nimeona amplifaya nyingi zilizofungwa kwa haraka zote mara moja, kisha mwenyewe anatafuta kosa sehemu ya sauti wakati volti ni 340.

Transfoma ya spika

Lazima iwe ya vali moja, yaani yenye pengo kwenye kiini chake. Miliampea 46 za mkondo mnyoofu zinapita ndani yake muda wote. Ile ya vali mbili zinazopokezana haina pengo, kwa sababu mikondo yake miwili hufutana. Ukiitumia hapa, chuma kinajaa sumaku na besi inapotea. Tafuta kilo-omu 5 kwa omu 8, wati 8 au zaidi. Uzito wa chuma ndio besi. Hapa usibane mkono.

Ukiokota moja isiyo na maandishi, ipe upande wa praimari (ule wa vali) volti 6.3 za filamenti na upime upande wa spika. Ukisoma karibu robo ya volti, uwiano ni 25 kwa 1. Mara 25 kwa 25 kwa omu 8, unapata 5,000. Usifanye kinyume chake: volti 6.3 kwenye upande wa spika zinatoa zaidi ya 150 upande wa pili.

Na kamwe usiiendeshe amplifaya hii na muziki bila spika au rezista ya omu 8, wati 10. Bila mzigo, praimari inarusha volti za kutoboa insulesheni.

Filamenti na ardhi

Nyaya za filamenti zifungwe kwanza, kabla ya rezista yoyote. Zisokote kwa kubana na uzilaze kwenye kona ya chasi, mbali na gridi. EL84 na EZ80 zinatumia pini 4 na 5. ECC83 ni tofauti: unganisha 4 na 5 pamoja kama ncha moja, na 9 iwe ncha nyingine. Kutoka kila upande wa filamenti peleka rezista ya omu 100, nusu wati, kwenye ardhi. Ukiziacha zikielea bila rezista hizo, mvumo utakuwepo.

Ardhi: tandaza waya mnene wa shaba kutoka saplai hadi pembejeo, na uzingatie mpangilio. Waya wa katikati wa transfoma na hasi ya kapasita ya kwanza zikutane kwanza, mahali pamoja. Mkondo unaopita kati yao ni wa mapigo makali, na haufai kupita njia moja na mawimbi ya milivolti. Kisha hasi ya kapasita ya pili, kisha kathodi ya EL84 na upande mmoja wa spika, kisha kapasita ya tatu, kisha ECC83, mwisho jeki ya kuingizia sauti. Waya huo uguse chasi mahali pamoja tu, pale kwenye jeki.

Sehemu ya sauti

Jeki inaingia kwenye potenshiometa ya kilo-omu 100. Mguu wa katikati unapitia rezista ya kilo-omu 1 hadi pini 2 ya ECC83. Pini 1, anodi, inapata rezista ya kilo-omu 100, wati 1, kutoka kapasita ya tatu. Pini 3, kathodi, inashuka kwa rezista mbili mfululizo: kilo-omu 1.5, kisha omu 100 hadi ardhini. Kapasita ya mikrofaradi 100, volti 25, iwe sambamba na ile ya 1.5 peke yake, chanya ikielekea kathodi. Ile ya omu 100 isiwekewe kapasita. Ina kazi baadaye. Nusu ya pili ya ECC83, pini 6, 7 na 8, iunge yote ardhini.

Kutoka pini 1, kapasita ya nanofaradi 47, volti 630, aina ya filamu, inakwenda EL84. Upande wake wa pili una rezista ya kilo-omu 470 kwenda ardhini, na rezista ya kilo-omu 4.7 kwenda pini 2 ya EL84. Hii ya 4.7 ilehemewe juu ya pini yenyewe, mguu wake ukiwa mfupi kabisa. EL84 ina nguvu nyingi ya kukuza, miliampea 11.3 kwa kila volti, na ukiipa kipande cha waya mrefu kwenye gridi inageuka kuwa kituo cha redio.

Pini 3 ya EL84 ni kathodi: rezista ya omu 150, wati 2, na kapasita ya mikrofaradi 220, volti 25, sambamba. Pini 9, gridi ya pili, inalishwa kutoka kapasita ya pili kupitia rezista ya omu 100. Pini 7, anodi, inakwenda transfoma ya spika, na ncha nyingine ya praimari inarudi kapasita ya pili. Pini 1, 6 na 8 ziache tupu kabisa, usizitumie hata kama kituo cha kushikizia waya.

Kuwasha

Spika au rezista ya omu 8 iwepo, sauti iwe sifuri, balbu irudi mfululizo. Ingiza vali zote. Balbu itawaka, itafifia kiasi, itatulia. Hakuna moshi? Ondoa balbu, subiri dakika mbili, pima kwa mpangilio huu.

Kapasita ya pili: 265 hadi 275. Pini 3 ya EL84: volti 7 hadi 8. Gawa kwa 150, volti 7.6 ni miliampea 51 hivi. Toa 5 za gridi ya pili, zinabaki 46. Sasa pima kati ya pini 7 na pini 3. Ukipata 248, zidisha kwa 0.046. Wati 11.4, chini ya kikomo cha 12. Ukipita 12, weka omu 180 mahali pa 150.

Pini 2 ya EL84 isome sifuri. Ikisoma volti moja au mbili chanya, zima upesi: ile kapasita ya nanofaradi 47 inavuja, na vali itajiunguza taratibu. Hiki ndicho kipimo ambacho watu wengi hukiruka. ECC83 pini 1 iwe kati ya 150 na 180, pini 3 karibu na volti moja na nusu.

Weka muziki. Utasikika wenye nguvu mno na besi iliyolegea. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa sababu bado kuna waya mmoja.

Mrejesho

Mrejesho ni kurudisha sehemu ya mawimbi ya spika nyuma kwenye ECC83. Chukua rezista ya kilo-omu 3.3 kutoka ncha ya moto ya spika hadi pale rezista ya 1.5 inapokutana na ile ya omu 100. Iunganishe kwanza kwa klipu, amplifaya ikiwa imezimwa, kisha washa sauti ikiwa chini. Mambo mawili yanaweza kutokea. Sauti ikipungua na mvumo ukafifia, uko sawa, lehemu. Ikipiga kelele kama filimbi, zima na ubadilishane nyaya mbili za upande wa spika wa transfoma: iliyokuwa ardhini iwe ya moto, na ya moto iende ardhini. Hakuna haja ya kukisia mapema ipi ni ipi.

Mrejesho huu ni takriban desibeli 10. Bila huo, milivolti 85 za kuingia zinafikisha wati zote. Ukiwepo unahitaji kama 260, kiasi ambacho simu au kicheza CD kinatoa bila shida. Besi inakaza, kwa sababu pentodi (vali ya elektrodi tano, kama EL84) peke yake haiishiki spika vizuri. Kuna wanaoapa kwamba amplifaya bila mrejesho ndiyo ya kweli. Kwa triodi (vali ya elektrodi tatu) kubwa nawasikiliza. Kwa EL84 iliyofungwa kipentodi, weka swichi kwenye waya huo usikilize mwenyewe kwa nyimbo unazozijua.

Mvumo ukibaki, chomoa ECC83. Ukiisha, chanzo kiko kwenye jeki, potenshiometa au ardhi ya mbele. Mara nyingi ni waya wa kuingiza sauti usio na ngao. Ukiendelea vilevile, ni saplai au transfoma zilizokaribiana. Mikwaruzo unapozungusha sauti inamaanisha mkondo mnyoofu unafika kwenye potenshiometa. Chunguza chombo unachochezea, kisha ECC83.

Iache icheze saa mbili, halafu pima tena pini 3 ya EL84 na volti ya kapasita ya pili. Transfoma ya umeme iwe ya kushikika kwa mkono bila kuruka. Andika namba zote hizo kwenye karatasi pamoja na tarehe, ubandike ndani ya kifuniko cha chini. EL84 ikianza kuchoka, volti ya pini 3 ndiyo itakayoshuka kwanza, na utakuwa na cha kulinganisha.